Si kila mwenye miguu mirefu ni korongo

Januari mwaka huu nilikuwa Lodwar kwa warsha ya walimu wa Kiswahili wa shule za upili. Siku ya pili, tukiwa tumechoka kidogo kwa joto na kwa vitenzi, mwalimu mmoja aliinua mkono. Alisema kwamba mwanafunzi wake aliandika katika insha kuwa "korongo wengi wa rangi ya waridi walikuwa wamesimama ziwani." Yeye aliiacha sentensi kama ilivyo. Mwenzake waliyesahihisha naye akalipiga mstari mwekundu neno "korongo". Nani kati yao alikuwa sahihi?

Nilijibu papo hapo, kama tujibuvyo sisi tuliozoea kuulizwa. "Hao si korongo. Ni heroe."

"Asante, Prof," akasema. "Na heroe na korongo tunawatofautisha vipi?"

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama. Ndugu msomaji, nimefundisha lugha hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Neno heroe nalijua tangu ujana wangu na nimelitungia maswali ya mtihani mara kadhaa. Lakini siku hiyo sikuweza kusema heroe ana mdomo wa namna gani, anakula nini, wala anarukaje. Nilikuwa na jina, sikuwa na ndege. Nikamwomba mwalimu anivumilie hadi Jumatatu.

Jumapili nikaenda ziwani.

Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni yapata kilomita 60. Tuliondoka kabla ya alfajiri kwa sababu upepo wa Ziwa Turkana hauna adabu: ukichachamaa huinua mchanga na mawimbi, na kutazama ndege huwa kazi bure. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Kalokol, mwana wa mvuvi, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwasaidia watu wanaohesabu ndege wa majini. Alibeba darubini mbili na daftari. Mimi nilibeba kamusi. Alipoiona alicheka.

"Mzee, hiyo haiwezi kuona mbali."

Tulisimama ukingoni mwa Ghuba ya Ferguson, pale ambapo ulimi wa mchanga wa Longech unaikinga ghuba na ziwa lenyewe. Hili ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani, na limewahi kubatizwa majina na watu wasiouliza. Mwaka 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel ulipofika ufuoni ulilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kuyaonja maji yake. Jina la Turkana lilirasimishwa mwaka 1975. Wenyeji tangu hapo walikuwa na lao: Anam Ka'alakol, yaani ziwa la samaki wengi, na ndiko Kalokol ilikotoa jina lake. Nayataja haya kwa sababu siku hiyo nami nilikuja na majina mfukoni kabla ya kutazama.

Umbo kabla ya rangi

Nilipoitwaa darubini niliona ndege weupe, ndege wa waridi na ndege weusi. Basi.

"Tuanze na nini?" kijana akaniuliza.

"Na rangi," nikasema.

"Hapana, Prof. Rangi ni ya mwisho. Jua likiwa nyuma ya ndege, wote ni weusi. Anza na umbo. Halafu uangalie anafanya nini. Halafu usikilize analia vipi. Rangi utaongeza baadaye."

Nilipoyaandika maneno hayo niligundua jambo lililonifurahisha na kuniaibisha kwa pamoja. Kijana huyu hakuwa amesoma isimu, lakini utaratibu alionipa ndio ule ule ambao Kiswahili kiliutumia kuwapa ndege hawa majina. Majina yetu mengi ya ndege ni maelezo mafupi ya kumtambua ndege. Sisi tunayakariri kama orodha ya msamiati, kisha tunashangaa kwamba hayatusaidii.

Chukua domomwiko. Domo ni mdomo mkubwa. Mwiko ni ule ule wa kusongea ugali. Ndege huyu ni mweupe, ana miguu mirefu, na kwa mbali ungeapa kwamba ni korongo. Lakini mdomo wake ni bapa na umepanuka nchani kama mwiko hasa. Hutembea katika maji ya kina kifupi akiufagia mdomo huo kulia na kushoto, ukiwa wazi kidogo, na akigusa kitu chenye uhai huufunga. Aliyelibuni jina hili alikuwa amesimama karibu na maji, na pengine hakuwa mbali na jiko. Ukishajua maana ya domo na ya mwiko, huhitaji kitabu cha picha.

Sasa chukua mbizi. Kila mtoto wa Kiswahili anajua kupiga mbizi, lakini wangapi wanajua kwamba mbizi pia ni ndege? Kijana alinionyesha kitu nilichodhani ni nyoka anayeogelea: shingo nyembamba juu ya maji, mwili haupo. Kikazama, kikaibuka mbali kidogo kikiwa na samaki aliyedungwa kwenye mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Huyo ndiye mbizi. Mwili wake huelea chini ya uso wa maji kwa kuwa manyoya yake hulowa, na baadaye lazima apande juu ya kisiki ayaanike mabawa yake kama nguo kwenye kamba.

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza. Nilimwona ndege mweusi juu ya kisiki, mabawa yametandazwa, nikatangaza kwa sauti ya darasani: "Mbizi!" Kijana akatikisa kichwa. Yule alikuwa mnandi, ambaye naye hulowa na naye huanika mabawa. Tofauti iko mdomoni: wa mbizi umenyooka na umechongoka, wa mnandi una kulabu nchani. Mbizi humdunga samaki, mnandi humkamata. Kwa faida ya waandishi wa habari niongeze kwamba mnandi huyu huandikwa kwa herufi ndogo. Mnandi mwenye herufi kubwa ni mtu wa jamii ya Wanandi, na sentensi inayoanza kwa "Mnandi alikuwa juu ya kisiki akimmeza samaki mzima" inaweza kukuletea barua kutoka kwa wasomaji.

Kisha kuna majina yanayotokana na sauti. Pale kwenye matope ya ghuba walikuwepo mamia ya ndege wadogo, wakikimbia na kudonoa, wakikimbia na kudonoa. Kiswahili kinao kitwitwi, jina ambalo ukilitamka haraka mara mbili umeshamwigiza. Kinaye pia sululu, mkubwa kuliko hao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ambaye huuchomeka topeni kutafuta vijidudu.

Majina haya yalizaliwa pwani, midomoni mwa watu waliokuwa wakiwaona ndege hao maji yanapokupwa. Nilikuwa nikidhani kwa hiyo kwamba si ya Turkana. Kijana akanisahihisha bila kujua kwamba ananisahihisha. Alisema kwamba wengi wa ndege wale wa matopeni ni wasafiri: huzaa Ulaya na Asia ya kaskazini wakati wa kiangazi cha huko, na baridi inapoingia husafiri hadi kwetu. Wengine hushinda kwenye matope ya Turkana, na wenzao wa aina hizo hizo huenda hadi kwenye matope ya Mida na ya Lamu. Basi jina la pwani linamfaa ndege wa Kalokol kwa sababu ni ndege yule yule.

Heroe na mwari

Wale wa rangi ya waridi ndio walionileta, kwa hiyo nilikaa nao muda mrefu kuliko wengine.

Heroe hula akiwa ameinamisha kichwa hadi kikageuka juu chini. Mdomo wake umevunjika katikati, kama umepigwa ukapinda, na ndani yake mna vichujio. Huvuta maji, huyachuja, huyatema. Hakuna korongo anayekula namna hiyo, wala domomwiko. Heroe wako wa aina mbili katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Mdogo ana mdomo mwekundu ulioiva hadi kukaribia weusi, na chakula chake kikuu ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na hula zaidi vijidudu vya majini vyenye magamba. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho.

Kwa hiyo swali la mwalimu lilikuwa limepata jibu, na jibu lilianza na kichwa kilichogeuzwa juu chini. Miguu mirefu haikuwa na la kusema.

Mwari alikuwa rahisi zaidi. Ni yule mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo. Katika Kiswahili neno hilo hilo ni msichana aliyewekwa ndani akifundwa, na wanafunzi hulifurahia sana swali la vitate na maana mbili. Lakini ukitaka kulifundisha vizuri, mpeleke mwanafunzi ziwani. Wari weupe wakubwa huvua kwa ushirika: hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki kwenye maji mafupi, kisha wote huinamisha midomo kwa pamoja kama walioambizana "moja, mbili, tatu." Wale wadogo wenye kijivu na mgongo wa waridi kwa kawaida huvua kila mtu kivyake. Tuna methali kwamba ndege wafananao huruka pamoja. Ziwani niliona kwamba hata wafananao hawali namna moja.

Kulastara, na kosa langu la zamani

Tuje sasa kwa korongo mwenyewe.

Kijana alinionyesha ndege wawili warefu waliosimama hatua hamsini baina yao. Wote walikuwa na miguu mirefu, shingo ndefu na mdomo mrefu. Kwangu wote walikuwa korongo. "Subiri waruke," akasema.

Wa kwanza aliruka shingo ikiwa imenyooka mbele kama mshale. Wa pili aliikunja shingo yake, akaisukumia nyuma hadi kichwa kikalala mabegani, na akaondoka hivyo hivyo, amejikunyata kama mzee aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi.

Wa kwanza ni korongo: mweupe, mwenye mdomo wa manjano, ambaye huvua kwa kuchovya mdomo majini huku akikoroga matope kwa mguu mmoja. Wa pili ni kulastara, yule mkubwa kupita wote wa jamaa yake, mwenye kichwa na shingo ya rangi ya kutu na kimo cha karibu mita moja na nusu. Kulastara hakorogi. Husimama tuli kama kijiti hadi samaki asahau kwamba yupo, kisha hukunjua shingo ghafla. Jamaa yake mdogo ni yangeyange, mweupe pepepe. Yule mdogo wa kando ya maji ana miguu myeusi na vidole vya manjano, utadhani amevaa soksi za jirani. Yule anayefuata ng'ombe ana mdomo mfupi wa manjano. Naye yangeyange huruka kwa shingo iliyokunjwa.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mimi nimeongezewa shingo.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nalitoa hapa kama toba. Miaka mingi iliyopita nilitunga mtihani wa tafsiri. Kifungu kilikuwa na ndege wawili wa majini, na katika majibu yangu ya mfano wote wawili niliwaita korongo. Mwanafunzi mmoja, ambaye alitoka kaskazini, aliandika korongo kwa ndege wa kwanza. Kwa wa pili alikosa jina, akaandika "ndege avuaye kwa kusimama kimya." Nilipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Jina, si maelezo!" Nikamnyima alama mbili.

Leo najua kwamba mwanafunzi yule alikuwa akiona ndege wawili na mwalimu wake alikuwa akiona mmoja. Alikuwa amekosa jina la kulastara, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nalo kwenye kamusi na sikulitumia. Kati yetu wawili aliyestahili mstari mwekundu si yeye.

Korongo huyu au korongo hili?

Mtu anaweza kusema: Prof, neno korongo limeshazoeleka, liache libebe mizigo. Tatizo ni kwamba lina mzigo mwingine tayari, na Turkana ndiko unakoonekana waziwazi.

Korongo pia ni mfereji mkubwa uliochimbwa na maji ya mvua, ambao kiangazi huwa mchanga mtupu. Kaskazini mwa Kenya watu huuita laga. Lodwar ina Kawalase, na Kakuma ina Tarach. Mvua ikinyesha milimani, hata kama mjini jua linawaka, laga hujaa kwa dakika chache na watu hupoteza maisha. Sasa tazama: "Korongo amefika" ni habari ya ndege. "Korongo limefika" si sarufi nzuri sana, lakini "korongo limejaa" ni onyo la kukimbia. Kinachozitenganisha habari hizo mbili ni silabi moja ya upatanisho. Ndege yuko katika ngeli ya A-WA: korongo huyu, korongo hawa. Mfereji uko katika LI-YA: korongo hili, makorongo haya.

Katika mazungumzo yetu ya Kenya silabi hiyo imekwisha kuliwa. Tunasema "hiyo korongo," "hii ndege," "zile heroe." Mimi mwenyewe husema hivyo sokoni, na sitamfukuza mtu anayesema hivyo kwenye matatu. Lakini katika maandishi upatanisho si mapambo ya mtihani. Ni njia ya lugha kukuambia kama kinachokujia kina mabawa au kina maji.

Neno ndege lenyewe lina kisa hicho hicho. "Ndege huyu" ana manyoya. "Ndege hii" ina injini. Nilikumbushwa hayo siku mbili baadaye, kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar.

Kakuma

Baada ya warsha nilipelekwa Kakuma kuzungumza na wanafunzi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, na Kiswahili chake ni cha kila rangi: cha Bujumbura, cha Bukavu, cha Nairobi, cha walioanza kukijifunza mwaka jana. Nilipowauliza kama huwaona ndege, mmoja alijibu kwamba huiona kila wiki ikitua. Alimaanisha ile yenye injini. Mwenzake, kijana aliyezaliwa mashariki mwa Kongo, akasema kwao huitwa ndeke, na ndeke wa manyoya wako pale nje.

Tukatoka. Karibu na machinjio walikuwa wamesimama ndege wakubwa wenye upara, migongo ya kijivu iliyoiva, na mfuko wa nyama unaoning'inia kifuani. Yule kijana alikuwa amepitia Kampala, na huko, alisema, huitwa kaloli. Ni kweli, hilo ni jina lao la Kiganda, na Kampala nzima inawajua. Ni jamaa ya korongo. Wakati huo mmoja akaruka, na mimi mwanafunzi wa siku tatu nikajiandaa kuonyesha ujuzi wangu: "Tazameni shingo, itanyooka!"

Haikunyooka. Kaloli aliikunja shingo kama kulastara na kwenda zake. Baadaye nilipomweleza yule kijana wa Kalokol kwa simu alicheka hadi mtandao ukakatika. Kumbe kaloli na ndugu zake wa karibu ndio waasi wa ukoo huo. Kanuni za ndege ni kama kanuni za sarufi: huzijui hadi umejua nani huzivunja.

Kabla ya kuondoka Kakuma nirekebishe kosa moja ambalo limesambaa. Katika maandishi ya wageni nimesoma zaidi ya mara moja kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipo kitu." Hakuna neno kama hilo katika Kiswahili. Mji huu ulikuwa na wenyewe na visima vyake kabla ya kambi. Anayesema jina lake maana yake ni pasipo kitu hakuuliza, kama vile Teleki hakuuliza.

Kwa nini tujali

Huenda msomaji wa Kisumu au Machakos akauliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu hivi.

Kila Januari, tangu mwaka 1967, nchi nyingi hushiriki katika sensa ya kimataifa ya ndege wa majini. Watu husimama ufuoni na kuhesabu. Hesabu hizo husaidia kujua kama ziwa ni zima au ni gonjwa. Ziwa Turkana lina sababu ya kupimwa. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016. Mwaka 2018 hifadhi za taifa za ziwa hili ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tena maji yenyewe hayatulii: Ghuba ya Ferguson iliwahi kukauka, na katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza fuo.

Sasa fikiria mwanafunzi wa Kalokol anashika daftari na kuandika "korongo: 300." Nani kati yao? Heroe mdogo wakipungua, huenda mwani umepungua. Mnandi na mbizi wakipungua, waulize wavuvi habari za samaki. Kitwitwi na sululu wakikosekana, huenda matope yamefunikwa na maji, au kuna jambo limetokea maelfu ya kilomita kaskazini. Kila ndege analeta habari yake. Ukiwaita wote korongo umepokea barua mia tatu na kuzifunga katika bahasha moja bila kuzisoma.

Kamusi zetu zina lawama yake. Mara nyingi sana kidahizo cha ndege huishia kwenye "aina ya ndege," au "ndege mwenye miguu mirefu." Fasili kama hiyo humhakikishia msomaji kwamba neno ni la ndege, kisha humwacha gizani. Napendekeza kwamba fasili ya ndege wa majini iwe na mambo manne angalau: umbo la mdomo, namna ya kula, namna ya kuruka, na mahali apatikanapo. Maneno kumi na tano yanatosha. "Kulastara: ndege wa majini mwenye mdomo kama mkuki, huvua kwa kusimama tuli, hukunja shingo anaporuka." Mtoto akisoma hayo anaweza kwenda nje akamtafuta.

Pale ambapo jina halipo, lugha inazo njia za kulizaa. Ziwani niliona picha, kwa simu ya mwenyeji wangu, ya ndege mweusi na mweupe ambaye nusu ya chini ya mdomo wake ni ndefu kuliko ya juu. Huruka chini chini huku nusu hiyo ikiupasua uso wa maji, na akigusa samaki huufunga mdomo. Ndege wa aina hiyo huzaana katika Kisiwa cha Kati cha ziwa hili. "Mngemwitaje?" nikamuuliza. Hakufikiri hata kidogo: "Mkata-maji." Mimi profesa nisingepata bora. Umbo na tendo vimo, na muundo ni ule ule wa mla-samaki na mpasua-mbao.

Kijana huyo ana majina ya Kiturkana kwa karibu kila ndege tuliyemwona. Niliyaandika kwa mwendelezo wake mwenyewe. Sitayachapisha hapa, kwa sababu ni ya jamii yake na wao ndio wanaopaswa kuyatoa, wazee wakiwepo. Lakini nawaomba walimu wa Turkana wasiyafungie nje ya mlango wa darasa. Mtoto anayelijua jina la ndege kwa lugha ya mama tayari anamjua ndege. Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni kumpa jina la pili, wala si kumwambia kwamba alichokiona hakipo.

Jumatatu nilirudi kwa walimu wangu wa Lodwar, uso umeungua na viatu vimejaa mchanga. Nilieleza habari ya mdomo uliopinda na kichwa kinachogeuzwa juu chini. Kisha nikatoa hukumu juu ya ile sentensi. Jina si sahihi: hao ni heroe, na mwalimu aliyepiga mstari alikuwa na haki. Lakini mstari peke yake hautoshi. Pembeni aandike jina linalofaa na alama moja ya kumtambua ndege, kwa sababu mwanafunzi yule alitazama ziwa na akaandika rangi aliyoiona.

"Na kama mwalimu mwenyewe hajui?" akauliza yule yule wa kwanza.

Nikamwambia ukweli. Basi aende ziwani asubuhi mapema, kabla ya upepo, na mtu anayejua.

Na ikiwa yule mwanafunzi wangu wa mtihani wa tafsiri bado husoma safu hii: lilikuwa kulastara neno ulilolikosa. Alama mbili ni zako.